Unene wa majira ya baridi na Ayurveda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa Waswahili tunaoishi kwenye baridi ya kweli, ile ya theluji na madirisha yenye ukungu, ambao suruali ya Oktoba haifungi tena ikifika Februari. Mimi naishi Leicester, Uingereza, mji wenye Wagujarati wengi waliotoka Uganda na Kenya. Mengi ya humu niliyasikia kwanza kwenye duka la nafaka la mama mmoja aliyezaliwa Jinja, ndipo nikaenda kuyasoma mwenyewe. Tunamwita Ba, kama wajukuu zake wanavyomwita. Yeye si daktari, nami si daktari.

Kwa nini baridi ikiingia njaa inapanda?

Ayurveda, tiba ya kale ya India, inasema tumboni mna moto unaosaga chakula, unaoitwa agni. Nje kukiwa na baridi, mwili unajifunga, joto linabaki ndani, na moto huo unawaka kwa nguvu kama jiko lililokingiwa upepo. Kwa hiyo Charaka Samhita, kitabu mama cha tiba hii, kinahesabu majira ya baridi kuwa wakati ambao mwili una nguvu zaidi na unaweza vyakula vizito. Kisha kinatoa onyo: moto huo usipopata kuni, unaanza kula maji ya mwili wenyewe.

Anayekuja kwa Ayurveda akitafuta baraka ya kushinda na njaa mwezi wa Desemba amegonga nyumba ya jirani.

Basi nile ninavyotaka, vitabu vimeruhusu?

Hapa ndipo wengi tunapoteleza, nami niliteleza. Nilisoma kwamba wakati wa baridi zinaruhusiwa samli, maziwa, sukari guru, nyama yenye mafuta na nafaka mpya, nikashangilia. Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa niliongeza kilo 7. Nilipomlalamikia Ba, aliendelea kupima dengu huku akiniangalia juu ya miwani: "Wewe kula kama mkulima. Shamba yako wapi?"

Swali lake lina uzito. Chukua Punjab, kaskazini mwa India. Ngano yao hupandwa Oktoba na Novemba, ikavunwa Aprili, na miwa hukatwa na kukamuliwa baridi hiyohiyo. Mtu anaamka kwenye ukungu, anamwagilia shamba, anabeba miwa, analala kwenye nyumba isiyo na mashine ya joto. Mkate wake wa mahindi wenye bonge la siagi na mboga ya majani ya haradali ni mshahara wa kazi hiyo. Mwili pia unatumia chakula kujipasha joto.

Sasa jiangalie wewe. Nyumba ina joto la nyuzi 21 usiku na mchana, unatoka mlangoni unaingia kwenye gari, unashinda kitini. Jua linazama kabla ya saa kumi jioni mwezi wa Desemba, unafunga pazia, unabaki wewe na friji. Baridi ambayo vitabu vinaizungumzia hukuigusa hata kwa dakika 20. Umechukua upande mmoja wa maagizo, ule wa sahani, ukaacha ule wa jasho.

Charaka mwenyewe, anapotaja sababu za unene, anataja kula kupita kiasi vitu vizito, vitamu, vya baridi na vya mafuta, kukosa mazoezi, kulala mchana, kutokuwa na wasiwasi wowote, na asili ya mbegu ya wazazi. Hiyo ya mwisho huwa nawasomea watu wanaodhani kila mnene ni mlafi.

Majira ya baridi ya Ayurveda yanaanza lini?

Mwaka umegawanywa misimu sita ya miezi miwili miwili. Baridi ina misimu miwili: Hemanta, takriban katikati ya Novemba hadi katikati ya Januari, na Shishira, kutoka hapo hadi katikati ya Machi. Kisha inakuja Vasanta, yaani machipuko, hadi katikati ya Mei.

Mgawanyo huo una maana kwa anayetaka kupungua. Katika Shishira kafa, yaani nguvu ya uzito na ubaridi, hujilimbikiza mwilini, na Vasanta jua linapopata nguvu huyeyuka na kuleta mafua, uzito na uvivu. Kazi kubwa ya kupunguza imewekwa kwenye machipuko. Baridi ni wakati wa kutoongeza. Mimi nikishalielewa hilo, niliacha kujipima kila asubuhi ya Desemba.

Kafa ndiyo nini? Na nitajuaje mimi ni aina gani?

Wanasema mwili unaendeshwa na nguvu tatu: vata (upepo, ukavu, baridi), pita (moto, ukali) na kafa (uzito, ubaridi, utelezi). Pita hii haina uhusiano na kupita, ingawa mtu wa pita huwa ana haraka.

Aliyekulia pwani hatapata shida kuelewa. Wazee wetu, kwa njia ya tiba ya Kiyunani iliyokuja na Waarabu, walikuwa na balghamu, safura, na vyakula "vya moto" na "vya baridi". Bibi yangu hakumpa mwenye kifua dafu hata aombe vipi. Kafa na balghamu ni watu wa mtaa mmoja, ingawa tiba zenyewe ni mbili tofauti.

Kuhusu aina yako: yale maswali kumi ya mtandaoni yanayokwambia "wewe ni kafa" halafu yanakuuzia chai, yaache. Jiulize mambo madogo. Je, unanenepa upesi na kupungua kwa shida, unalala fofofo, na asubuhi huna njaa? Basi epuka kuongeza utamu na maziwa hata kama ni baridi. Je, baridi inakukausha ngozi, inakufunga choo, na usingizi unakatika? Wewe ndiye samli kidogo inayokufaa, na kujinyima kutakuumiza.

Siku moja ya kula inakuwaje?

Nitaeleza yangu, maana menyu za kunakili hazidumu.

Asubuhi naanza na maji ya moto, bila kitu. Kama sina njaa ya kweli, nangoja. Kifungua kinywa ni uji wa uwele au wa shayiri, wenye tangawizi na mdalasini, maziwa kidogo. Shayiri ninayosema ni ile nafaka yenyewe, ambayo Charaka anaisifu kwa mwenye unene kwa sababu inashibisha bila kujenga mafuta.

Chakula kikubwa ni cha mchana, saa sita au saba, wakati agni iko juu. Ukiweza kubadilisha jambo moja tu, badilisha hili. Wengi wetu tunakula kipande cha mkate mchana kazini, kisha usiku saa tatu tunashusha sinia la wali.

Jioni, kabla ya saa moja, nakula supu ya choroko. Loweka kikombe cha choroko kuanzia asubuhi. Chemsha na manjano, chumvi na kipande cha tangawizi kilichopondwa, mpaka zipasuke. Kisha kwenye kikaango kidogo weka kijiko kimoja cha chai cha samli, ikishapata moto tupia bizari nyembamba. Ngoja zianze kuruka na kubadilika rangi, hesabu hadi tatu, ndipo utie mvuje, ncha ya kisu tu. Jiko litanuka vibaya kwa sekunde chache, usiogope, harufu hiyo inageuka kuwa kama ya kitunguu kilichokaangwa. Mimina vyote kwenye sufuria na ufunike hapohapo mvuke usitoroke. Ndimu, pilipili manga, umemaliza. Mvuje na tangawizi vinaondoa ule upepo wa tumbo unaowafanya watu wakimbie mikunde.

Mboga za baridi ni majani ya haradali, majani ya uwatu, spinachi, figili, karoti, zote zikiwa zimepikwa. Saladi kutoka kwenye friji mwezi wa Januari ni adhabu, na Ayurveda iko upande wako ukiikataa.

Kiasi gani kinatosha?

Vagbhata, mwandishi wa karibu karne ya 7, anagawa tumbo mafungu manne: mawili chakula, moja kinywaji, moja liachwe wazi kwa upepo. Waislamu tayari wana kipimo chao cha theluthi: ya chakula, ya maji, ya pumzi. Huhitaji mzani wa jikoni kufuata chochote kati ya hivyo viwili.

Huyohuyo Vagbhata anasema anayekunywa maji kabla ya kula hukonda, katikati hubaki alivyo, na baada ya kula hunenepa. Mimi nakunywa nusu glasi ya maji vuguvugu kabla. Angalau inanifanya nikae chini kabla ya kushika kijiko.

Samli inanenepesha au hainenepeshi?

Kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120. Ina heshima kubwa katika Ayurveda, lakini heshima haifuti hesabu. Vijiko viwili vya chai kwa siku, ndani ya chakula, vinamtosha mtu wa ofisini. Aliyekwambia samli "inayeyusha mafuta" kwa hiyo uiongeze kwenye kahawa, muulize anauza nini.

Na asali kwenye maji ya moto kila asubuhi?

Hili wanalikosea hata wanaojiita wataalamu. Asali ni kweli inasifiwa kwa kupunguza unene, na Sushruta, mwandishi mwingine wa kale wa tiba hii, anatofautisha: asali mpya inajenga mwili, ya zamani ndiyo inayokwangua mafuta. Ila vitabu vyote vinakataza kuipasha moto. Kwa hiyo maji yawe ya vuguvugu, yale unayoweza kutumbukiza kidole bila kukitoa, na kijiko kiwe kimoja cha chai.

Mwenye kisukari asijidanganye. Asali ni sukari, na sukari guru ni sukari. Mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa.

Kashata za ufuta je? Majirani wananiletea Januari.

Hizo ni za Makar Sankranti, sikukuu ya takriban tarehe 14 Januari, watu wanapogawiana ufuta na sukari guru. Mswahili hahitaji kuelezwa, ni kashata zetu zilizovaa jina jingine. Ufuta una mafuta na unapasha mwili joto, ndiyo sababu unaliwa wakati huo.

Chukua moja, kula mchana, shukuru. Tatizo ni lile kopo la kilo linalokaa mezani mbele ya televisheni mpaka Februari.

Mtindi?

Mtindi mzito usiku umekatazwa na Charaka, na kwa mtu wa kafa ni mzigo. Lakini mtindi uliozimuliwa kwa maji, ukapigwa, ukatiwa chumvi na bizari nyembamba iliyokaangwa, unasifiwa sana, tena baada ya chakula cha mchana. Wagujarati wanauita chaas. Usinywe ukiwa umetoka kwenye friji.

Nifunge?

Kufunga kukali hakupendekezwi wakati wa baridi. Kuacha mlo mmoja wa usiku mara moja kwa wiki hakuna ubaya kwa mtu mzima mwenye afya. Ramadhani ikiangukia miezi hii mchana ni mfupi, na kinachoongeza kilo ni sambusa na vinywaji vya sukari baada ya magharibi, jambo ambalo sote tunalijua na bado tunazikaanga.

Mazoezi kiasi gani?

Kanuni ni nusu ya nguvu zako, na baridi na machipuko ndiyo misimu ambayo kiwango hicho kinaruhusiwa. Misimu mingine ni chini ya hapo. Dalili za kufika nusu ni jasho kwenye paji la uso, puani na kwapani, na pumzi kuanza kutoka mdomoni. Ukizifikia, punguza.

Kwa mtu anayeanza, kutembea kwa haraka dakika 30 nje, mchana, ukiwa umevaa vizuri, kunatosha. Nje ndiyo neno muhimu. Unapata mwanga na unaonja ile baridi ambayo chakula chote hiki kilitayarishwa kwa ajili yake. Barafu ikitanda njiani, panda na kushuka ngazi za nyumbani. Salamu ya jua ya yoga, raundi sita asubuhi, inalegeza mgongo vizuri.

Kujisugua mafuta kunapunguza mwili?

Hapana, mafuta ya mwilini hayatoki kwa kusuguliwa. Lakini usiache. Mafuta ya ufuta yaliyopashwa kidogo, ukijipaka dakika kumi kabla ya kuoga maji moto, yanaokoa ngozi yetu inayokuwa kama ubao wa chaki huku, na usingizi unakuwa mzuri. Mtu aliyelala vizuri hatafuti biskuti saa nne usiku.

Kwa wanene Ayurveda inapendelea kusugua kwa unga mkavu, mara nyingi wa dengu, kutoka miguuni kuelekea juu. Fanya ukiwa umesimama juu ya gazeti la zamani. Na baada ya mafuta, angalia unapokanyaga bafuni. Mimi nilishawahi kushuka na pazia zima.

Nafanya zamu za usiku. Nimekwisha?

Nilizifanya miaka miwili kwenye ghala, na zile kilo 7 nyingi zilitoka huko. Kulala mchana kumo kwenye orodha ya sababu za unene, hata hivyo vitabu vina huruma kwa aliyekesha: alale asubuhi, kabla ya kula, nusu ya muda aliokesha. Hiyo nusu siiungi mkono, lala mpaka utosheke. Ila "kabla ya kula" niliifuata na ikanisaidia. Nilikuwa nikirudi saa moja asubuhi nikila sahani kamili kisha nikianguka kitandani. Nikabadilisha: mlo mkubwa kabla ya kwenda kazini, usiku kazini supu kwenye chupa ya chai, asubuhi kikombe cha maziwa ya moto yenye kungumanga na kitanda.

Guguli, trifala na vidonge vya kukonda vya Kihindi vinafaa?

Soma hili polepole.

Trifala ni mchanganyiko wa matunda matatu makavu: amla, haritaki na bibhitaki. Inalainisha choo. Kilo moja inayotoka kwa kuharisha inarudi ukinywa maji. Guguli ni utomvu wa mti wa ukoo mmoja na manemane. Unaweza kuleta vipele na kugongana na dawa nyingine, na jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2003 lilikuta lehemu mbaya imepanda kwa waliomeza badala ya kushuka.

Kuna hatari kubwa zaidi. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walipima dawa 70 za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa kwenye maduka ya Kihindi huko, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 wakapima 193 zilizouzwa mtandaoni, karibu moja kati ya tano zikawa hivyohivyo. Baadhi ya dawa hizo hutiwa madini kwa makusudi, kwa sababu tawi moja la Ayurveda linayahesabu kuwa tiba.

Msimamo wangu: viungo na nafaka za jikoni, ndiyo. Kidonge kisicho na usajili wa nchi unayoishi, hapana, hata kama kimeletwa na shangazi. Uingereza tafuta alama ya THR, yaani usajili wa dawa za mitishamba za asili, kwenye pakiti. Ukitaka mtaalamu, muulize kama ana BAMS, shahada ya kwanza ya tiba ya Ayurveda, ambayo India huchukua miaka mitano na nusu.

Sayansi ya hospitali inasemaje kuhusu unene wa baridi?

Kwamba upo lakini ni mdogo kuliko tunavyodhani, na hauondoki. Utafiti wa mwaka 2000 katika New England Journal of Medicine uliwafuata watu wazima 195 Marekani: kwa wastani waliongeza kilo 0.37 kati ya katikati ya Novemba na mapema Januari, na baadaye hawakuzipunguza. Ni kidogo, lakini zidisha kwa miaka 20. Kuhusu Ayurveda kama mpango kamili wa kupungua, tafiti kubwa ni chache. Mlo wa mchana, mikunde, mboga zilizopikwa na kutembea vinajitetea vyenyewe.

Nani asianze bila kumwona daktari?

Mjamzito na anayenyonyesha, mwenye kisukari anayetumia dawa (uwatu mwingi unashusha sukari), anayetumia dawa za kuyeyusha damu, mwenye ugonjwa wa figo au ini, na aliyewahi kuwa na matatizo ya kujinyima kula.

Tena, ukiona unaongezeka uzito, unahisi baridi kuliko wenzako, umechoka, umefunga choo, kapimwe damu ya tezi ya shingo. Tangawizi haitibu hilo. Na vitamini D: Uingereza inashauriwa mikrogramu 10 kwa siku kipindi cha baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie kuimeza mwaka mzima.

Niko Njombe, Julai kuna baridi kali. Yananihusu?

Yanakuhusu, fuata baridi unayoihisi na uache majina ya miezi. Kama unalima na kupanda milima kila siku, wewe ndiye yule mkulima wa Punjab. Kula samli yako.

Dukani niombe vitu hivi kwa majina gani?

Kwa Wagujarati: uwele ni bajri, choroko ni mag, shayiri ni jav, uwatu ni methi, mvuje ni hing, ufuta ni tal. Sukari guru wanaiita gol, Wahindi wengine gur, na hapo utasikia neno letu lilikotoka. Mvuje nunua kopo dogo kabisa na ulifunge ndani ya chupa nyingine, la sivyo koti lako litanuka mpaka Machi. Na ukimkuta muuzaji mwenye umri mkubwa, jaribu kwanza kumsalimia "Shikamoo, mama." Mara mbili sasa nimejibiwa "Marahaba" na kupewa hiliki za bure.